Ukurasa wa Baba Yetu

Rumonge, Jumatano

Kwa mdogo wangu Asma,

Assalam aleikum, na amahoro kwako na kwa wote wa nyumba ya mjomba Pontiani. Kama umeifungua barua hii na macho yako yamefika mpaka hapa bila kuichana, basi nimeshapata zaidi ya ninachostahili, na nakushukuru. Kile kikohozi ulichokuwa ukikilalamikia kabla ya mvua kimekuacha? Mjomba na mguu wake wanaelewana sasa? Na Ismaili wako yuko salama? Sisi huku ni wazima wa mwili. Ziwa limetulia wiki hii, ndagala wamejaa mpaka paka wanachagua, na bei ya mawese inawafanya akina mama wagombane na wateja wao kama kawaida. Ya moyo ndiyo yaliyonikalisha chini niandike kwa mkono, mimi niliyejifanya mtu wa kompyuta.

Ningekupigia simu, lakini umenifungia, na sikulaumu. Hata mimi ningejifungia kama ningeweza.

Wiki iliyopita ndugu yetu Hakimu alishuka huko kwenu Nyanza-Lac kupeleka mbao, akaulizia habari zako sokoni, akaelekezwa kwa Ismaili. Ismaili ni mtu mwema, hajui kuficha neno. Alimwambia kwamba ndoa yenu ni Ijumaa hii baada ya swala, na kwamba umemwomba imamu wa huko akuozeshe yeye kama msichana asiye na walii. Mjomba Pontiani hawezi kukusimamia kwa kuwa ni ndugu wa mama, tena Mkristo, hilo tunalijua. Lakini Ismaili alisema kuna lingine, kwamba ulisema baba yako mwenyewe amekutoa katika watoto wake, na mtu akishatolewa hana sababu ya kumsubiri aliyemtoa. Hakimu aliniletea maneno hayo nikiwa nachambua mchele. Sikuweza kumtazama usoni. Asma, kuna mambo ya siku ile ambayo huyajui. Wewe uliuona mwisho wake tu, pale uani kwetu. Nivumilie nianzie mwanzo, maana nikianzia mwisho nitakimbia.

Unakumbuka jinsi tulivyojuana. Mama Elda alipofariki, Mungu amrehemu, ulinitafuta kwa simu mpaka ukanipata, ukaniambia kwa sauti ndogo kwamba tuna baba mmoja. Uliniambia vile alivyomwoa mama yako kule Kigoma wakati wa ukimbizi, mama yangu akiwa amebaki huku na mimi na Hakimu, na vile aliporudi Rumonge akaahidi kusema na asiseme. Nilikuamini siku ile ile, kwa sababu ulicheka kidogo katikati ya maneno na kicheko kilikuwa cha baba. Tangu hapo uliniita dada Batuli, nami nikakuita mdogo wangu, lakini kwa siri. Mama hakujua. Baba mwenyewe hakujua kwamba najua. Nilikuwa nakwenda kuongea nawe kule nyuma ya banda letu la kuanikia ndagala, kama msichana anayeongea na mchumba. Na wewe uliniomba jambo moja tu, nimwambie baba kwamba unakaribia kuolewa na ungependa yeye ndiye akusimamie. Kila ulipouliza nilikujibu subiri kidogo. Nilikuwa hodari sana wa subiri kidogo.

Basi mafunzo yakaja. Nilikuambia nimejiandikisha kwenye kituo cha vijana karibu na bandari, tujifunze kutengeneza kurasa za intaneti. Nilijisifu sana kwako, najua. Sikukuambia kwamba siku za kwanza nilitaka kulia. Mwalimu wetu, Jean Bosco, ni kijana mpole kutoka Bururi ambaye akikasirika anahamia kwenye Kifaransa. Alitufundisha kwamba ukurasa ni maandishi ya kawaida tu, ila unayazungushia alama ndogo zenye midomo kama ncha za mkuki, ambazo yeye anaziita balizi. Alama moja inasema hapa kichwa kinaanza, nyingine inasema kimekwisha. Kila unachofungua ukifunge, ndiyo sheria. Mimi nilifungua alama ya kukoleza wino nikasahau kuifunga, na ukurasa mzima ukawa mweusi kana kwamba ninampigia msomaji kelele. Siku nyingine nilitia picha, ikatokea vizuri kwenye kompyuta yangu, nikaita watu waje waone. Kwenye kompyuta ya jirani palitokea kisanduku kitupu. Jean Bosco akanieleza kwa utaratibu kwamba nilikuwa nimeuambia ukurasa uende kuichukua picha mezani kwangu, na watu wengine hawana meza yangu.

Lakini nilipoanza kushika, nilipenda. Kuandika neno gizani, halafu kubonyeza na kuliona limesimama mbele yako limevaa, ni raha ambayo sikuwa nimeipata tangu niache shule. Mama akawa anawaambia wanawake wenzake wa sokoni kwamba binti yake anaandika kitu kinachosomwa mpaka Ulaya. Nikavimba kichwa. Mwalimu aliposema kwamba mwisho wa mafunzo kila mmoja atatengeneza ukurasa kuhusu mtu wa familia yake, na wazazi na wageni watakaribishwa kuutazama ukutani, sikufikiri mara mbili. Nilimchagua baba. Nani asiyemjua Mzee Amissi fundi wa maboti, mtu ambaye boti zake zinavua kutoka Gitaza mpaka upande wa Tanzania?

Sasa sikiliza kosa la kwanza, lile ambalo kila mtu analijua na ambalo linanifanya niitwe jina jipya mtaani. Mwalimu alitupa ukurasa mmoja wa mfano tuunakili, tutoe maneno yake tutie yetu. Ulikuwa na kila kitu, kichwa, picha, aya, na njia ya kubonyeza ikupeleke kwingine. Ulikuwa tanzia. Jean Bosco huwatengenezea watu tanzia, kwa sababu familia za huku zimetawanyika, wengine Uvira, wengine Kigoma, wengine Kanada, na kila mtu anataka kujua mazishi ni saa ngapi na arobaini itasomwa wapi. Hakuona ubaya wowote. Nami nilinakili, nikabadilisha jina, nikabadilisha picha, nikaandika kwamba baba alizaliwa hapa, alijifunza kazi kwa babu, kwamba anapenda chai ya tangawizi na hapendi msumari wa Kichina. Nilibadilisha kila nilichokiona. Lakini kuna kichwa kimoja kinachokaa juu kabisa ya maandishi, nje ya ukurasa wenyewe. Ukiufungua ukurasa humo ndani hukioni. Hicho sikukigusa. Kilikuwa kimeandikwa TANZIA YA FAMILIA.

Wewe unajua WhatsApp inavyofanya. Ukituma njia ya ukurasa, yenyewe inakwenda kuchukua kile kichwa cha juu inakiweka mbele. Asubuhi ile, kabla sijaingia darasani, nilituma kwenye kikundi cha ukoo. Nikaandika chini yake kwa madaha kwamba ndugu zangu, fungueni msome historia ya maisha ya mzee wetu Amissi. Halafu nikazima simu, kwa kuwa mwalimu hataki simu darasani.

Nani angefungua? Watu wetu hununua mega za WhatsApp peke yake, kwa sababu ndizo za bei nafuu. Ujumbe unausoma, ukurasa haufunguki. Walichokiona wao ni neno tanzia, jina la Amissi, na mimi binti yake mkubwa nikiwaambia wasome historia ya maisha yake. Wakawatumia wengine, na wale wakawatumia wengine. Nusu saa haikupita, Rumonge nzima ilikuwa inasema inna lillahi.

Mimi nilikuwa darasani najifunza kupaka ukurasa rangi ya kijani.

Na baba alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Gitaza kuziba boti ya mtu. Baba akishika nyundo simu yake hukaa ndani ya mfuko wa vifaa, chini ya msumeno, na hata ikilia yeye anasikia mbao tu. Walimpigia wakachoka, na kutopatikana kwake kukawa ushahidi. Mama alikuwa sokoni, akaletwa nyumbani akishikiliwa mikono miwili. Wanaume wakafunga turubai. Majirani wakatandika mikeka, masufuria yakatoka. Shangazi Hadija, ambaye hajawahi kuchelewa kwenye msiba wowote, alifika na sanda mkononi.

Nilipotoka darasani nikawasha simu, ikatetemeka mkononi mwangu kama imeshikwa na homa. Simu zako zilikuwa humo, nyingi kuliko za mtu yeyote, lakini wakati huo ulikuwa umeshapanda gari. Nilikimbia mpaka nyumbani. Nilipoingia uani wanawake walinidaka, wakanilaza chini kwa nguvu, wakanimwagia maji. Nikawaambia baba hajafa, nimemtilia chai mwenyewe asubuhi. Wakalia zaidi, wakasema maskini Batuli uchungu umempanda kichwani. Ilibidi nigombane na waombolezaji ili wakubali kwamba hakuna kifo. Nilipowaonyesha kwa simu kile kichwa cha juu na jinsi kilivyobaki, wakasogea kukisoma. Halafu mtu mmoja akacheka, na shangazi Hadija akauliza kwa sauti ya juu nani atamlipia usumbufu wake. Mama hakucheka. Alinitazama akavuta mtandio wake, akasema yeye ameshamlilia mume wake mbele ya soko zima na sasa atarudi sokoni na uso gani.

Na hapo ndipo ulipoingia wewe.

Ulikuja unalia kwa sauti, Asma, kiatu kimoja kimekatika kamba, unamwita baba. Watu wakakuambia tulia binti, mzee ni mzima, ni makosa ya kompyuta. Ukapiga magoti palepale na kusema alhamdulillahi, baba yangu yuko hai. Ulilisema mara moja tu, lakini uwanja wote ulisikia. Mama akageuka. Akakutazama wewe, akanitazama mimi, akauliza, "Batuli, huyu mutoto iko wa nani?"

Nilisema simjui.

Sitaandika vile ulivyonitazama, maana ulinitazama mimi na unajua. Sauti yangu ulikuwa unaijua kuliko sura yangu, tulikuwa hatujawahi kuonana, na neno la kwanza ulilonisikia nikilisema mbele yako ni hilo.

Wewe hukugombana. Ulisema kwa adabu kwamba wewe ni binti wa Amissi kwa mama Elda wa Kigoma. Wanawake wakaanza kunong'ona. Shangazi Hadija akasema mbona mambo ni rahisi, ukurasa si wa historia ya mzee, basi usomwe. Hakimu, ambaye hakujua chochote, akatoa simu yake yenye mega akaufungua, akasoma kwa sauti kwamba Mzee Amissi amejaaliwa watoto, nao ni Batuli, Hakimu, Nafisa na Djibril. Akashusha simu. Wewe ukaniuliza mimi, si yeye, ni nani aliyeyapanga maneno hayo. Ulikuwa unanipa nafasi. Nimeifikiria sana nafasi ile. Nikajibu kwamba maneno yote ni ya baba mwenyewe, yeye ametaja na mimi nimeandika tu.

Ukainuka. Uliondoka na kiatu kimoja mkononi, na hakuna aliyekupa hata maji ya kunywa.

Baba alifika baada ya swala ya alasiri. Alishuka garini na mfuko wake wa vifaa, akaona turubai, akaona viatu mlangoni, akaweka mfuko chini na kuinua mikono kumwombea maiti kabla hata hajauliza ni nani. Watu hawakujua wacheke au wakimbie. Alipoambiwa kwamba maiti ni yeye, akasema basi afadhali amejiombea mwenyewe, maana hajui kama sisi tungemwombea vizuri. Uwanja wote ukacheka ukatulia, chakula kikaliwa, na sanda ikapelekwa msikitini ikamngoje mwenyewe. Wenye kwenda wakaenda. Tangu siku ile vijana wa bandarini wananiita Mama Tanzia. Nikipita wananiuliza kama leo kuna msiba. Jean Bosco aliniomba radhi, nami nikamwomba yeye, na mfano wake sasa ni tangazo la duka la mikate. Hayo yote ni aibu, lakini ni aibu ya mchana, mtu anaweza kuitembeza barabarani. Ninayokuja kuiandika sasa sijaitembeza popote.

Asma, nilidanganya. Baba hakutaja watoto wanne. Alitaja watano.

Siku nilipokwenda kumwuliza historia yake alikuwa kwenye karakana, amekalia boti iliyopinduliwa, analainisha ubao. Aliniambia ya babu, akaniambia ya kazi, akacheka. Nilipofika kwenye watoto akaacha kulainisha. Akataja kwa mpangilio wa kuzaliwa, akasema Batuli, Hakimu, halafu akasema Asma, halafu Nafisa na Djibril. Jina lako alilitaja polepole kuliko yetu. Akangoja nimwulize Asma ni nani. Sikumwuliza, kwa kuwa nilijua, na yeye akafikiri nimeshtuka. Akanieleza mwenyewe, akitazama ubao. Alisema amekuwa akiahidi kumwambia mama tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na kila siku inakuwa kesho. Akasema sasa amechoka kujiamini. Akaniambia, "Weye andika vile vile nimesema. Ikishaandikwa siwezi kurudi nyuma." Mama angealikwa kituoni kama wazazi wengine, na baba alitaka amwambie kabla ya siku hiyo, kwa sababu ukurasa ungemlazimisha. Alitaka kamba ya kujifungia mwenyewe, akanikabidhi mimi niifunge. Ilikuwa mara ya kwanza maishani baba kuniomba nimsaidie kitu asichokiweza.

Nikaenda kituoni nikaandika majina yote matano. Nikakutazama katikati yetu, kati ya Hakimu na Nafisa. Nikawafikiria wageni wakisoma ukutani. Nikamfikiria mama katika kitenge chake kipya, na wale wanawake wa sokoni. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na ni sababu nzuri, mtu anaweza kuisimamia. Lakini nimeahidi kutoficha. Sababu nyingine ni kwamba niliona wivu. Mwanamke mzima, niliona wivu kwa vile alivyolitaja jina lako. Nilipenda kuwa na mdogo wa siri, wa kunisifu kwenye simu, anayenihitaji mimi ili amfikie baba. Siku ambayo baba angekutamka mwenyewe, mimi ningekuwa dada kama dada wengine.

Wala sikulifuta jina lako, Asma. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu kufuta kungekuwa ujasiri wa aina yake. Mwalimu ametufundisha kwamba kuna alama ya kufunika. Ukiizungushia maneno, kompyuta inayapita bila kuyaonyesha. Maneno yanabaki kwenye maandishi ya ndani, ila msomaji hayaoni. Watu huitumia kujikumbusha mambo. Mimi nilikufunika humo. Nikajiambia ni kwa muda tu, subiri kidogo. Kwa hiyo Hakimu alipokuwa anasoma mbele ya watu, jina lako lilikuwa lipo palepale kati ya lake na la Nafisa, akalipita bila kujua.

Jioni ile baba aliniita. Alikuwa amesikia kwamba alikuja msichana. Akaniambia nimwonyeshe ukurasa, akaweka kidole kwenye kila jina, akafika mwisho akarudi mwanzo. Akasema alinitajia watano. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama wewe ulisikia hivyo ilivyosomwa, nikasema ulisikia. Akaniuliza ni kweli nilisema yeye ndiye aliyetaja, nikasema ni kweli. Nilingoja anipige, ningepumzika. Alivua kofia yake, akajipangusa uso kwayo, akaingia ndani kwa mama na kufunga mlango. Alimwambia siku hiyo, bila ukurasa wala wageni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na baba kifo chake kilimuumbua akiwa hai.

Mama alikwenda kwa dada yake Muhuta, akakaa huko siku kadhaa, amerudi. Hajamsamehe baba. Anamwekea chakula na kuondoka. Mimi alinisemesha mara moja tu kuhusu jambo hili, nikiwa nakoka moto. Alisema mambo yake na mume wake atayamaliza na mume wake. Lakini mtoto wa watu alikuja nyumbani kwake kwenye matanga, na mtu wa matanga hata akiwa adui anapewa mkeka na maji, na mimi nimemfanya yeye kuwa mwanamke aliyemwacha mfiwa aondoke na kiu. Akasema hilo hajui atalijibu vipi kwa Mungu. Kuhusu ndoa yako hajasema kitu, na mimi sitamzulia maneno. Nimeshazua ya kutosha.

Hakimu nimemwambia yote. Hasemi na mimi, lakini ameniandikia bahasha. Ukurasa nimeutengeneza upya. Kile kichwa cha juu sasa kinasema Mzee Amissi, fundi wa maboti, na jina lako linaonekana, la tatu, mahali pake. Siku ya wageni ulitazamwa hivyo hivyo ukutani, na waliotaka kunong'ona walinong'ona. Sikuandikii hili ili unisifu. Najua ukurasa hauwezi kukaa mbele ya imamu na kusema nimekubali kumwoza binti yangu.

Sikuombi unisamehe. Ukitaka kunifungia simu maisha yako yote, funga. Usinialike, usiniite dada, mtaje Batuli kama unavyomtaja jirani. Ninachokuomba ni kimoja tu, usimhukumu baba kwa ulimi wangu. Uoga wake ni wake na ana la kujibu, lakini kukukana hakukukana. Nilikukana mimi, mara mbili, kwanza kwa vidole na halafu kwa mdomo. Ukienda mbele ya imamu Ijumaa, nenda ukijua kwamba baba unaye, kisha uamue unavyotaka.

Nimalizie hapa, mkono umechoka na nimeshalowesha karatasi moja nikaanza nyingine. Msalimie sana mjomba Pontiani, mwambie murakoze kwa kukutunza wakati ambao ulikuwa zamu yetu. Msalimie Ismaili, mwambie asijutie maneno aliyomwambia Hakimu. Nafisa anakusalimu, anasema anataka kukuona na anauliza kama na wewe unaogopa radi. Djibril anakusalimu. Hakimu anakusalimu na anasema alisoma kilichoandikwa, hakujua.

Salamu za baba hazimo. Nilimsomea barua hii yote tangu juu, akasikiliza mpaka mwisho, na nilipomwuliza niandike nini kwa upande wake akasema hawezi tena kumpa mtu mwingine maneno yake. Aliomba bahasha. Kwa hiyo huyo mzee aliyempa mjomba Pontiani barua hii mlangoni na akakataa kukaribia ndani ni yeye. Amesema atangoja huko nje, ng'ambo ya barabara, kwa muda wowote utakaochukua kuisoma. Kanzu ya kukuozesha Ijumaa iko ndani ya mfuko wake. Ukimwita atakuja, na usipomwita atapanda gari la jioni na hatakulaumu.

Wako,
Batuli binti Amissi